Karani aliyegoma kufumba macho

*Nguvu ya ndani ya mtu husemwa sana siku hizi kwenye semina na vitabu vya kujiendeleza. Kisa cha David Munyakei wa Benki Kuu ya Kenya kinaonyesha inakotoka, na nani hulipa gharama zake.*

Na Mwandishi Wetu

BENKI Kuu ya Kenya, Barabara ya Haile Selassie jijini Nairobi, mwaka 1993. Karani ambaye hajafikisha miaka 30 anapitia fomu za malipo. Kazi yake haina makuu: aangalie kama karatasi zimetimia, alinganishe tarakimu, kisha faili liende kwa mkubwa likasainiwe. Anaitwa David Sadera Munyakei.

Fomu zinazomkera ni za kampuni moja, Goldenberg International. Kila zikija zinadai kampuni imeuza dhahabu na almasi ng'ambo, imeleta nyumbani fedha za kigeni, na sasa inaomba fidia ya mauzo ya nje kutoka kwa serikali. Mamilioni kwa mamilioni ya shilingi. Ila Kenya haina mgodi wa almasi, na dhahabu inayotafutwa Kakamega na Migori kwa sururu na karai haikaribii kiasi kinachotajwa humo.

Wakubwa wanasaini. Malipo yanatoka. Karani anatarajiwa afungue faili linalofuata.

Mhariri aliponipa mada ya wiki hii, nguvu inayomtoka mtu kwa kujithamini na kuwa mwadilifu, nilijua sitaianzia kwenye kumbi za hoteli ambako mada hii ndiyo mkate wa watu. Nilitaka kuianzia kwa huyu karani, kwa sababu hakuwa na cheo, hakuwa na fedha, wala hakuwa na mtu mkubwa wa kumtetea. Chochote alichokuwa nacho kilikuwa ndani yake.

Dhahabu isiyokuwepo

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilikuwa na njaa ya dola. Sheria iliruhusu wauzaji wa bidhaa nje wapewe fidia ya asilimia 20 ya thamani ya walichouza, kama motisha ya kuleta fedha za kigeni. Goldenberg, kampuni ya mfanyabiashara kijana Kamlesh Pattni, ikapewa haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na vito vya almasi, na juu ya ile asilimia 20 ikaongezewa 15. Jumla 35.

Ukipewa shilingi 35 kwa kila 100 unayosema umeuza, kishawishi cha kusema umeuza kisichokuwepo ni kikubwa. Kilichohitajika ni fomu, muhuri na watu wa kutouliza.

Desemba 1992 Kenya ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, na fedha zilimwagika mitaani kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ilibatizwa jina la "Jirongo", kwa heshima ya kiongozi wa vijana waliompigia kampeni Rais Daniel arap Moi. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Mama aliyekwenda dukani kununua unga na sukari hakujua kuna fomu zinazopita mezani kwa karani fulani, lakini alikuwa akizilipia.

Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 baada ya Rais Mwai Kibaki kuingia madarakani, ilikuja kukuta kwamba fedha zilizozungushwa katika mtandao wa Goldenberg zilifika shilingi bilioni 158.

Munyakei alichukua nakala za nyaraka akazifikisha kwa wabunge wawili wa upinzani, Anyang' Nyong'o na Paul Muite. Habari ikatua bungeni mwaka huo huo wa 1993. Haikuchukua muda akakamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa baadaye. Kazi haikurudi.

Kazi ilikuwa yake

Waandishi wengi wa Kenya wamemweleza Munyakei kama shujaa, na sina ugomvi na neno hilo, ila linaficha jambo. Shujaa ni mtu wa mbali. Ukishamwita hivyo umejiondolea wajibu wa kufanana naye.

Mimi naona ufunguo uko katika ile kazi yenyewe ndogo. Kazi ya karani wa malipo ni kulinganisha. Ndiyo maana ya kumweka pale. Akipitisha fomu anayojua ni ya uongo hajalinganisha kitu. Amekuwa muhuri wenye miguu, na mshahara anaolipwa ni wa kutokuwepo. Mtu anayejua kazi yake barabara hupata kutoka humo heshima ambayo hakuna mkubwa aliyempa, kwa hiyo hakuna mkubwa wa kumnyang'anya. Naye akiambiwa aifanye kinyume, anayeumia wa kwanza ni yeye mwenyewe, kabla hata taifa halijaibiwa senti.

> Mtu anayejua kazi yake barabara hupata kutoka humo heshima ambayo hakuna mkubwa aliyempa.

Utaona jambo hilo hilo kwa mwalimu anayekataa kuwapa wanafunzi majibu ya mtihani ilhali shule jirani zinatoa, kwa mwuguzi asiyeuza dawa za zahanati kupitia mlango wa nyuma, kwa ofisa wa mizani anayeliandikia lori uzito wake halisi. Hawa hawaandikwi magazetini. Pengine hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu nguvu ya ndani. Ukiwasikiliza wanavyoieleza kazi yao, wanaieleza kwa ufundi: mtihani hutungwaje, dozi hupimwaje, lori likizidisha tani linaharibuje lami. Uadilifu wao umefungamana na kujua.

Ndiyo sababu nina shaka na mafunzo ya maadili yanayotolewa kazini kama somo la peke yake, na mabango yake ukutani, kwa watumishi ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini fomu wanayojaza ina safu sita badala ya tano.

Kumbi za hamasa

Turudi sasa kwenye hoteli. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, kila mwisho wa wiki kuna mahali watu wamelipa kiingilio waambiwe wana thamani. Kipaza sauti, muziki wa kuamsha, mhamasishaji anayetembea kati ya viti, watu wamesimama wakirudia baada yake kwamba wao ni washindi.

Si haki kuwacheka. Kuna aliyelelewa akiitwa mjinga kila siku ya Mungu, kuna aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo, kuna aliyeachishwa kazi akiwa na miaka 50. Kwa watu hao, kusikia mtu akisema kwa sauti kuwa wana thamani ni tiba, na kama imewagharimu nauli na kiingilio, basi wamepata nafuu kwa bei hiyo.

Shida yangu ni pale kujithamini kunapogeuzwa kuwa kujisikia. Katika mahubiri mengi ya aina hii, dalili ya kwamba umeipata nguvu yako ya ndani ni mafanikio: gari, kiwanja, safari ya Dubai. Kwa kipimo hicho, waliosaini zile fomu walikuwa wamejaa nguvu za ndani. Munyakei alikuwa amefilisika.

Na kweli alifilisika. Baada ya kufukuzwa alikimbilia Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi kwa vibarua. Baadaye alihamia kwa watu wake upande wa Narok. Alitoa ushahidi mbele ya tume ya Bosire. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo yake ya uadilifu. Alifariki Julai 2006 akiwa maskini, miezi michache baada ya ripoti ya tume kutoka. Alikuwa na miaka 38. Mwandishi Billy Kahora alimtengea kitabu kizima, kilichotolewa na Kwani Trust, na kwa wasomaji wengi wa Kenya hapo ndipo jina lake lilipopata uso.

Wanaosema nyamaza

Upande wa pili una hoja, na hauna haja ya kubezwa.

Ukikaa na watumishi wa umma wa ngazi za chini, hoja ya kwanza utakayoisikia ni ya tumbo. Mshahara mmoja unalisha nyumba mbili, ya mjini na ya kijijini. Kuna ada, kuna dawa za mzee, kuna mdogo wake mtu anayesubiri kusaidiwa chuo. Wahenga walishasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Karani anayefukuzwa hawi peke yake anayefukuzwa. Je, uadilifu wa baba ulipwe kwa elimu ya binti?

Hoja ya pili ni ya ofisi. Benki haiwezi kuendeshwa kama kila karani anayekuta kitu asichokielewa anabeba nakala na kwenda kwa wanasiasa. Leo ni wizi wa kweli. Kesho ni chuki ya mtu aliyenyimwa cheo. Siri za wateja nazo ni amana, na anayezitoa kwa nia njema na anayezitoa kwa fitina wote hutumia mashine ile ile ya kunakili. Wanasheria wanaoitetea Sheria ya Siri za Serikali huanzia hapa, na wanaanza vizuri.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwani kilibadilika nini? Goldenberg ilijulikana, tume ikaketi, ripoti ikaandikwa. Kesi za jinai dhidi ya Pattni zilivutwa miaka na miaka hadi Mahakama Kuu ilipozisimamisha mwaka 2013. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zilimwekea vikwazo kwa tuhuma za magendo ya dhahabu, safari hii ya Zimbabwe. Kwa wanaosema funika kombe mwanaharamu apite, huo ni ushahidi tosha: mwanaharamu alipita, aliyelifunua kombe ndiye aliyebaki nje.

Hoja ya pili ina jibu la kiofisi. Mtu huenda kwa wabunge pale njia za ndani zinapoishia mezani kwa anayetuhumiwa. Mwaka 1993 Munyakei angemripotia nani? Saini zilizokuwa juu ya fomu zilikuwa za wakubwa wake.

Ya tatu naijibu kwa kiburi kidogo. Bila zile nakala Kenya isingekuwa na tume ya kuketi wala jina la kashfa. Kesi inaweza kuvurugwa. Tarakimu zikishatoka hazirudi kabatini.

Ya kwanza, ile ya tumbo, sina jibu lake. Hakuna hotuba ya uadilifu inayolipa ada.

Anapokuwa mtu wa kwenu

Munyakei alikabiliwa na vitisho. Muongo mmoja baadaye Mkenya mwingine alikabiliwa na kitu kigumu zaidi kukikataa, nacho ni undugu.

John Githongo, mwandishi wa habari aliyewahi kuliongoza tawi la Kenya la Transparency International, aliteuliwa na Rais Kibaki mwaka 2003 kuwa Katibu Mkuu wa Utawala Bora na Maadili, ofisi yake ikiwa karibu na rais. Huko akakutana na mikataba ya Anglo Leasing, ukiwamo wa mfumo mpya wa pasipoti, uliotolewa kwa kampuni yenye anwani ya Liverpool ambayo hakuna aliyeweza kuonyesha inafanya nini. Alipoanza kuuliza, waliomtaka atulie hawakuwa maadui. Walikuwa watu wa serikali aliyoipenda, waliokula naye, wengi wao wa kabila lake. Ujumbe ulikuwa: huyu unayemchimba ni wetu.

Githongo alirekodi mazungumzo kwa siri. Februari 2005 alijiuzulu akiwa London, na Januari mwaka uliofuata ripoti yake ikatoka hadharani. Mawaziri kadhaa walikaa pembeni. Mwandishi Mwingereza Michela Wrong alipoandika kitabu juu yake mwaka 2009, *It's Our Turn to Eat*, maduka mengi ya vitabu Nairobi yaliogopa kukiweka rafuni.

Zile rekodi bado zinagawanya watu. Wapo wanaoona kumrekodi mwenzako anapokuamini ni usaliti, hata kama anachosema ni kibaya. Nawaelewa. Lakini nikiwauliza wangethibitishaje mambo yaliyosemwa kwenye varanda na ndani ya magari, mazungumzo huhamia kwenye mada nyingine.

> Waliomtaka atulie hawakuwa maadui. Walikuwa watu waliokula naye.

Hapa ndipo kujithamini kunapopata mtihani ambao kumbi za hamasa haziugusi. Sehemu kubwa ya thamani yetu tunaipata kwa watu wetu: jina la ukoo, kijiji, dhehebu, chama. Wakikukataa, hupotezi marafiki tu. Unapoteza kioo ulichozoea kujitazamia. Githongo aliishi uhamishoni Uingereza hadi mwaka 2008, na sidhani kama wengi wetu tungeweza.

Lawama isiyo yako

Kuna namna nyingine ya nguvu hii, isiyohitaji kumfichua mtu. Katikati ya miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania. Mikoani Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilivyokuwa vikisaka watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi viliwatesa waliokamatwa, na baadhi yao wakafa. Mwinyi hakumpiga mtu wala hakutoa amri hiyo. Alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya walikuwa chini ya wizara yake.

Hakuishia kama Munyakei. Alikwenda kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Watanzania wa rika langu hukitaja kisa hiki kila waziri anaponing'inia kitini baada ya janga, na wana haki.

Tofauti ya wawili hao inanikera kidogo. Aliyekuwa juu alijiuzulu na mlango mwingine ukafunguka. Aliyekuwa chini alisema ukweli na milango yote ikafungwa. Roho ya kila mmoja siwezi kuipima, lakini utaratibu unaonekana: wakubwa wana mahali pa kuangukia.

Sheria na mfuko

Ndiyo maana hoja ya tumbo inatufikisha kwenye sheria, hata kama mada ilianza na mambo ya ndani ya mtu.

Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2010, na ndani yake kuna kifungu kinachowavutia wengi: mtoa taarifa hulipwa asilimia 5 ya fedha zilizorejeshwa kutokana na taarifa yake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, inayomlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi ya mwaka 2006, mwaka ule ule aliofariki Munyakei. Mswada wake mahususi wa kuwalinda watoa taarifa umeandikwa na kuandikwa upya kwa miaka, na miaka ya 2020 iliingia ukiwa bado mswada.

Wapo wanaoipinga asilimia 5 ya Uganda. Wanasema ukimlipa mtu kwa kusema kweli umegeuza uadilifu kuwa biashara, na utaleta wachuuzi wa tuhuma. Hofu hiyo naiona imetiwa chumvi. Fedha hulipwa baada ya kurejeshwa, na mzushi hana cha kurejesha. Zaidi ya hapo, hakuna anayedai kuwa jaji amepoteza uadilifu kwa sababu analipwa mshahara mnono. Tunasema analipwa vizuri ili asishawishike. Kwa nini karani peke yake ndiye atakiwe kuwa msafi akiwa na njaa?

Wengine wanasema ulinzi wa ajira ungetosha, bila zawadi. Wangekuwa sahihi kama kurudishwa kazini kungekuwa na maana kwa mtu atakayeketi tena na wale wale aliowataja. Munyakei hakupata hata hilo la kurudishwa.

Kuna hesabu moja ambayo tume haikuombwa kuifanya. Mwaka 2008 hoteli ya Grand Regency ya Nairobi, iliyohusishwa na fedha za Goldenberg, ilikabidhiwa kwa Benki Kuu na kuuzwa kwa kampuni ya Walibya kwa shilingi bilioni 2.9. Bei hiyo ilizua kelele yake yenyewe, na Waziri wa Fedha Amos Kimunya alilazimika kukaa pembeni kwa muda. Kwa kanuni ya Uganda, asilimia 5 ya fedha hizo ni shilingi milioni 145. Karani alikuwa ameshazikwa miaka miwili, na Kenya haikuwa na kifungu cha kumlipa mjane wala watoto wake.